Umeitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa sababu ya maandamano ya karo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yale yanayorudi kila chuo kikuu nchini Kenya kinapotulia baada ya maandamano na barua zinapoanza kutoka. Yameandikiwa mwanafunzi aliyepata barua, mzazi aliyepigiwa simu, na makomredi wanaotaka kumsimamia mwenzao lakini hawajui waanzie wapi. Ukipata wakili, msikilize yeye kwanza. Ukurasa huu ni wa zile siku kabla hujampata.

## Mambo ya mwanzo

Sababu ya maandamano ina uzito wowote kwenye kesi yangu, au kamati inaangalia fujo tu?

Ina uzito, na usikubali ifutwe kwenye kumbukumbu. Barua nyingi huandikwa kana kwamba wanafunzi waliamka asubuhi wakaamua kuvuruga amani. Hazitaji karo, hazitaji mgao wa serikali, hazitaji kwamba mkutano na uongozi uliombwa ukakataliwa.

Kupunguzwa kwa fedha za elimu si jambo la kubuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilipofuata masharti ya wakopeshaji wa kimataifa na kuanza kuwatoza wanafunzi gharama zilizokuwa zikibebwa na umma, vyuo viligoma na kufungwa. Baadaye ukaja utaratibu ambapo serikali ilitakiwa kulipia asilimia 80 ya gharama ya kila kozi, lakini mgao ukawa unashuka huku madeni ya vyuo yakipanda. Mfumo mpya wa ufadhili ulizinduliwa Mei 2023, na kufikia 2024 wanafunzi walikuwa wakipangwa katika bendi tano kulingana na kipato cha nyumbani. Bendi ya 1 ni familia yenye kipato kisichozidi shilingi 5,995 kwa mwezi; bendi ya 5 ni inayozidi shilingi 120,000, na hiyo hutakiwa kubeba asilimia 40 ya gharama. Mtoto wa mama mboga akijikuta bendi ya 4 au ya 5 bila maelezo, ana jambo la kuuliza. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi huo.

Hayo yataje kwa kifupi katika utetezi wako. Hayakuondolei tuhuma ya kuvunja kioo, lakini yanaonyesha kwamba mliandamana kwa suala la umma, suala lililowagawa hata majaji.

Nina haki ya kuandamana nikiwa bado mwanafunzi?

Ndiyo. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kusimama na mabango kuonyesha upinzani, na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, mradi iwe kwa amani na bila silaha. Hakisemi "kila mtu isipokuwa aliyejiandikisha chuoni". Fomu ya kanuni uliyotia sahihi siku ya kuripoti haiwezi kufuta haki ya Katiba. Inaweza kuwekea haki hiyo mipaka, na mipaka yenyewe lazima ipite mtihani wa Kifungu cha 24: iwe ndani ya sheria, iwe ya busara, na isizidi kile kinachohitajika.

Kwa hiyo kanuni inayokataza "mkusanyiko wowote usioidhinishwa" haitoshi kumaliza mjadala. Waulize ni madhara gani hasa yaliyotokea.

Hatukuwa na kibali. Si hapo tulipokosea?

Sheria ya nchi haidai kibali, inadai taarifa. Chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, mwandalizi anampa taarifa mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe, na maandamano hufanyika kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kama mlipeleka barua, tafuteni nakala yenye muhuri wa kituo. Karatasi hiyo moja imewahi kubadilisha mwelekeo wa kikao kizima. Kama hamkupeleka, ni udhaifu, lakini ni udhaifu wa mwandalizi. Si ushahidi kwamba wewe uliyekuwa umeshika bango nyuma ya umati ulifanya fujo.

Chuo changu ni cha kibinafsi. Katiba inanihusu?

Inakuhusu. Kifungu cha 20 kinasema Sheria ya Haki, yaani Sura ya Nne ya Katiba, inawafunga watu wote, si serikali peke yake. Na ile Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala (Fair Administrative Action Act) ya 2015, inayotekeleza haki ya Kifungu cha 47 ya kufanyiwa maamuzi ya kiutawala kwa haki, na ambayo utaiona ikitajwa mara nyingi hapa chini, inawagusa pia wasio wa serikali iwapo uamuzi wao unaathiri haki za mtu. Tofauti kubwa katika chuo cha kibinafsi ni ya vitendo: mara nyingi hakuna chama cha wanafunzi chenye meno, kwa hiyo mnajipanga wenyewe.

Kusimamishwa na kufukuzwa vina tofauti gani?

Kusimamishwa ni kwa muda, iwe wiki kadhaa au mwaka mzima. Kufukuzwa ni kuondolewa kwenye orodha ya wanafunzi. Kuna pia onyo la maandishi, faini, kulipa uharibifu na kufukuzwa hosteli. Mtego ni "kusimamishwa hadi uchunguzi ukamilike", maana halina tarehe ya mwisho. Adhabu isiyo na mwisho inaweza kukugharimu zaidi ya adhabu yenye mwisho. Dai tarehe kwa maandishi.

## Barua

Nimepata barua ya kutaka nijieleze. Nianze na nini?

Ipige picha, pande zote mbili, na bahasha yake. Andika pembeni siku na saa uliyoipokea na aliyekupa. Kisha isome kama karani, si kama mtuhumiwa.

Barua ya kawaida inakwenda hivi: "Imeripotiwa kwamba tarehe fulani ulishiriki katika ghasia zilizovuruga masomo na kuharibu mali ya chuo, kinyume na kanuni za nidhamu. Unatakiwa kujieleza ndani ya saa 48." Angalia kilichokosekana. Nani ameripoti? Ghasia zipi, lango kuu au ukumbi wa chakula? Mali ipi? Kanuni namba ngapi? Kitenzi ni "ulishiriki", neno linalobeba kila kitu kuanzia kurusha jiwe hadi kupita njia. Zungushia kila pengo kwa kalamu. Hayo mapengo ndiyo utetezi wako wa kwanza, kwa sababu sehemu ya 4 ya Sheria ya 2015 inataka upewe taarifa ya kutosha na mapema kuhusu tuhuma na sababu zake, pamoja na ushahidi utakaotumika.

Halafu tafuta kanuni za nidhamu za chuo zenyewe. Usitegemee alizokusimulia mtu. Mle ndimo mna idadi ya siku, akidi ya kamati, viti vya wawakilishi wa wanafunzi na muda wa rufaa.

Nijibu vipi? Nieleze kila kitu?

Jibu ndani ya muda, kanusha tuhuma, omba maelezo, na usisimulie siku nzima. Ukikaa kimya wanaweza kuendelea bila wewe. Ukimwaga hadithi kurasa nne unawapa vipande wanavyovikosa. Kitu kama hiki kinatosha:

"Nimepokea barua yako ya tarehe ... Nakana tuhuma zilizomo. Barua haisemi ni kitendo gani ninachodaiwa kufanya, saa ngapi wala mahali gani, na haikuambatanishwa na ushahidi. Kwa mujibu wa Kifungu cha 47 cha Katiba na sehemu ya 4 ya Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala, naomba maelezo kamili ya kila tuhuma, nakala za taarifa za mashahidi, picha na video, majina ya wajumbe wa kamati, na muda wa kutosha wa kujiandaa. Nitatoa maelezo yangu kamili nikishapata hayo."

Ipeleke kwa mkono ukiwa na nakala ya pili igongwe muhuri, na uitume pia kwa barua pepe. Karani akikataa kugonga muhuri, mtu mwingine ashuhudie na aandike jina lake na saa.

Ofisi ya mkuu wa wanafunzi inaniambia niombe msamaha tu yaishe. Ni kweli yataisha?

Mara nyingine huisha. Mara nyingi zaidi, karatasi ya msamaha ndiyo inasomwa kwenye kikao kama kukiri. Anayekushauri hivyo anaweza kuwa na nia njema kabisa, lakini si yeye atakayekaa nyumbani mwaka mzima. Ukiambiwa kuna makubaliano, yaandikwe: adhabu itakuwa nini, faili litafungwa lini, na kwamba hukukiri kosa. Wakikataa kuyaandika, basi hakuna makubaliano.

Usitie sahihi siku hiyo hiyo. Sema unampelekea mzazi au wakili asome.

Nimejulishwa kwa simu au kwa orodha iliyobandikwa ubaoni. Hiyo ni taarifa halali?

Ni dhaifu, lakini usiipuuze. Tuma ujumbe wa maandishi siku hiyo hiyo: "Nimeona jina langu kwenye orodha, sijapata barua, naomba nipewe." Piga picha orodha kabla haijang'olewa. Kosa ninaloliona sana ni mwanafunzi kukaa akisema "hawajaniandikia", huku siku za rufaa zikihesabika upande wa pili.

Wamenifungia hosteli na kunizuia langoni kabla sijasikilizwa. Inaruhusiwa?

Kanuni nyingi humpa naibu chansela uwezo wa kumzuia mwanafunzi kwa muda akihofia usalama. Lakini hata hatua ya muda inapaswa kuwa na sababu inayokuhusu wewe. Andika upesi ukiomba sababu hizo, njia ya kuchukua vitu vyako, na namna ya kuhudhuria au kupata masomo wakati unasubiri. Kama mtihani uko karibu, ruka moja kwa moja hadi swali la mitihani hapo chini.

## Kikao cha kamati ya nidhamu

Kukoje ndani?

Meza ndefu, watu wanane au kumi upande mmoja, kiti kimoja upande wa pili. Utasubiri nje saa kadhaa, kisha utapewa dakika chache. Mara nyingi mtu wa usalama wa chuo anasoma taarifa, halafu maswali yanaanza kutoka kila kona: "Ulikuwa wapi saa nne?" "Nani alikuambia mkutane?" "Wazazi wako wanajua?"

Kabla ya kujibu lolote, sema mambo matatu kwa sauti na uombe yaingie kwenye kumbukumbu: kwamba uliomba ushahidi na tarehe uliyouomba, kama umepewa au la, na kama yupo mjumbe aliyehusika na tukio lenyewe. Mkuu wa usalama hawezi kuwa mlalamishi, shahidi na hakimu katika kikao kimoja. Upendeleo ni moja ya sababu ambazo mahakama hufutia uamuzi, lakini jaji atauliza kama ulilalamika wakati ule.

Una haki ya kumhoji anayetoa ushahidi dhidi yako. Maswali mafupi yanauma zaidi: "Uliniona wewe mwenyewe?" "Ukiwa umbali gani?" "Jina langu ulilijuaje?" Ukitoka tu, kaa chini uandike yote uliyokumbuka kabla hujaanza kuwasimulia wenzako.

Naweza kwenda na wakili?

Omba kwa maandishi kabla. Sheria ya 2015 inataka ujulishwe haki ya kuwakilishwa na wakili pale inapohusika, na inakuruhusu kufika na mtaalamu unayemchagua. Kanuni za vyuo vingi hazipendi mawakili, na wengine watamzuia mlangoni. Wakimzuia, aandike barua pale pale. Kukataliwa huko ni hoja ya kesho. Kama huna wakili, omba kuingia na mwalimu au kiongozi wa wanafunzi akae kimya akiandika. Mtu wa pili chumbani hubadilisha namna maswali yanavyoulizwa.

Wana picha na video. Nimekwisha?

Hujaisha. Omba kuona faili lenyewe, si picha iliyokatwa na kuzungushiwa duara jekundu. Uliza ilipigwa lini, na nani, na nini kilitokea kabla na baada. Picha yako ukiwa kwenye umati inathibitisha kwamba ulikuwa kwenye umati, jambo ambalo Kifungu cha 37 kinakuruhusu. Kwa picha za kamera za chuo, una haki ya kuomba taarifa zinazokuhusu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Omba haraka, kwa sababu kamera nyingi hufuta kumbukumbu zake zenyewe baada ya muda.

Na ninyi kusanyeni zenu. Waliopiga video wasizikate wala kuweka muziki. Wahifadhi faili asili, wasizisambaze zikiwa na nyuso za wengine.

Wanataka niwataje wenzangu wapate kunipunguzia.

Huna wajibu wa kuwa shahidi wa chuo ili usikilizwe. Jibu linalotosha ni: "Niko hapa kwa tuhuma zinazonihusu mimi." Ukitaja majina, hutajua yatatumika wapi, na kama kuna kesi ya polisi (tazama hapo chini) umewaweka wenzako, na pengine wewe mwenyewe, kizimbani.

Twende kama kundi au kila mtu kivyake?

Kila mtu asikilizwe kivyake, kwa sababu tuhuma lazima ithibitishwe kwa kila mmoja. Lakini jiandaeni pamoja. Wekeni daftari moja: jina, tarehe ya barua, kanuni iliyotajwa, siku ya kikao, nani alikaa. Mkilinganisha barua ishirini mkakuta maneno yale yale neno kwa neno, mnayo hoja kwamba hakuna aliyechunguzwa. Mwanafunzi anayepotea kabisa ni yule aliyerudi kijijini na barua mfukoni bila kumwambia mtu. Mtafuteni.

Pale ambapo utetezi wa mmoja unamwangushia mwingine, wasitumie wakili mmoja. Semeni hilo mapema bila kuoneana haya.

## Polisi na mahakama ya jinai

Nilikamatwa pia. Si naadhibiwa mara mbili kwa kosa moja?

Kwa macho ya kawaida ndiyo, kisheria si lazima. Kamati inaangalia kanuni za chuo na inahitaji ushahidi unaoelekea upande mmoja zaidi. Mahakama ya jinai inataka uthibitisho usioacha shaka. Kwa hiyo unaweza kuachiliwa kortini na bado ukaitwa chuoni. Hatari kubwa ni ya upande mwingine: unachosema kwa kamati kinaweza kufika kwa mwendesha mashtaka. Omba kamati isubiri kesi iishe. Ikikataa, haki yako ya kutojitia hatiani inabaki. Sema unaitumia kwa ushauri wa wakili.

Shtaka la kawaida ni kushiriki mkusanyiko usio halali, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha mwaka mmoja. Kifungu cha 49 kinataka uelezwe sababu ya kukamatwa, uruhusiwe kunyamaza na kuwasiliana na wakili, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata ikiwa saa hizo zimeisha nje ya muda wa kazi. Walio nje watafute nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo. Dhamana ya polisi hailipiwi. Anayeomba "kitu kidogo" anaomba hongo.

Nilipigwa na polisi, au na askari wa chuo.

Hospitali kwanza, kisha fomu ya P3 (ile ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha), kisha malalamiko. Ya polisi yanakwenda IPOA, mamlaka huru inayowasimamia polisi. Ya askari wa chuo ni jinai ya kawaida ya kuripotiwa kituoni. Piga picha majeraha siku ya kwanza na ya tatu, michubuko huonekana zaidi baadaye. Usiache kuripoti kwa kuogopa kwamba utaonekana ulikuwepo. Kama barua ilishakufikia, wanajua.

## Baada ya uamuzi

Nimefukuzwa. Hatua ya kwanza?

Omba sababu kwa maandishi. Sheria ya 2015 inakupa haki ya kuzipata, kwa hiyo ziombe bila kuchelewa. Wasipotoa, mahakama inaweza kuchukulia kwamba uamuzi haukuwa na sababu nzuri mpaka wathibitishe vinginevyo. Wakati huo huo kata rufaa ndani ya chuo, kwa seneti, baraza au chombo chochote kilichotajwa katika kanuni. Usisubiri sababu ndipo ukate rufaa. Muda wa rufaa wa chuo unaweza kwisha kabla hujajibiwa. Andika tu: "Nitaongeza hoja nikipata sababu."

Kwa nini nipoteze muda na rufaa ya ndani? Ni watu wale wale.

Kwa sababu jaji atakuuliza. Sehemu ya 9 ya Sheria ya 2015 inataka umalize njia za ndani kwanza, isipokuwa mahakama ikikuondolea sharti hilo kwa hali ya kipekee. Rufaa pia inawalazimisha kuandika, na wanachoandika wakiwa na haraka mara nyingi ndicho kinachokusaidia.

Mahakama zinaweza kweli kuingilia mambo ya chuo?

Zinaweza, ila kwa kusita. Tangu kesi ya Nyongesa na wenzake dhidi ya Egerton, iliyoamuliwa 1990, msimamo umekuwa kwamba majaji hawana hamu ya kuendesha vyuo, lakini wataingilia pale misingi ya haki inapokiukwa. Tangu 2010 Kifungu cha 47 kimeupa msimamo huo nguvu zaidi, na Mahakama Kuu imefuta adhabu za wanafunzi mara kadhaa kwa sababu hawakusikilizwa ipasavyo.

Elewa unachoweza kupata. Jaji haulizi kama ulirusha jiwe. Anauliza kama chuo kilifuata utaratibu. Ukishinda, huenda kesi ikarudishwa kwa kamati isikilizwe upya. Hilo huwavunja wengi moyo, ingawa kikao cha pili, wakili akiwa anatazama, huwa kingine kabisa.

Usichelewe. Ombi la kufuta uamuzi kwa njia ya mapitio ya kimahakama lina kikomo cha miezi 6, na hata ombi la kikatiba hudhoofishwa na kuchelewa. Katiba inasema hakuna ada ya kufungua kesi ya haki za msingi, lakini wakili, nakala na nauli zinabaki. Uliza Kituo cha Sheria, ambacho kimekuwa kikiwasaidia wasiojiweza tangu 1973, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Mitihani inaanza wiki ijayo.

Hapa ndipo haraka ina maana. Wakili anaweza kuomba amri ya muda ya kukuruhusu ufanye mtihani huku kesi ikisubiri. Hoja yenyewe ni rahisi: ukishinda baadaye, matokeo yatatolewa, ukishindwa, yatazuiliwa, chuo hakipotezi kitu. Nenda na ratiba ya mitihani, kadi ya mtihani na risiti za karo. Wakati huo huo kiombe chuo kwa maandishi kikuruhusu chenyewe. Wakati mwingine hukubali ili kuepuka korti.

Mkopo wangu wa HELB (Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu) utakuwaje?

Malipo yajayo yanaweza kusimama chuo kikiripoti kwamba husomi. Kilichokwisha kutolewa kinabaki deni. Iandikie HELB mwenyewe ueleze kwamba uamuzi umekatiwa rufaa, uambatanishe nakala.

## Nje ya karatasi

Kampeni ya hadharani inasaidia, au inawaudhi wakubwa?

Inasaidia ikiwa na dai moja linaloeleweka: adhabu zifutwe. Ikigeuka kuwa matusi kwa naibu chansela mitandaoni, inakuwa ushahidi. Mimi naamini kesi za maandamano hushindwa zaidi kwa upweke kuliko kwa sheria, kwa hiyo wenzako kujaa nje ya kikao kwa utulivu, wakiwa na mabango na bila kufunga njia, ni sehemu ya utetezi. Chuo kinachojua kuna watu wanahesabu siku hufanya kazi yake kwa uangalifu zaidi.

Wasiwe wanafunzi peke yao. Wahadhiri wa chama cha UASU wenyewe waligoma mwaka 2024 na 2025 juu ya fedha zile zile zisizofika vyuoni; barua ya mhadhiri anayekufundisha, inayoeleza mahudhurio na mwenendo wako, ina uzito. Wazazi pia: mzazi mmoja akiandika anajibiwa na karani, wazazi arobaini wakiandika wanaitwa kikaoni.

Mzazi wangu ameambiwa anilete "tuzungumze".

Aje, lakini asitie sahihi kwa niaba yako. Wewe ni mtu mzima. Mzee akiwa na hasira, mwonyeshe barua na hayo mapengo yake kabla hamjafika. Wengi hubadilika wakiona kwamba hakuna kosa lililotajwa.

## Visa visivyo vya kawaida

Chuo kizima kilifungwa, na sasa kila anayerudi anatozwa pesa za uharibifu na kutia sahihi fomu ya tabia njema.

Hiyo ni adhabu ya jumla: inamtoza aliyekuwa kitandani mgonjwa sawa na aliyevunja dirisha. Omba hesabu ya uharibifu kupitia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo kwa kawaida inadai jibu ndani ya siku 21. Wakikataa, peleka malalamiko kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya taasisi za umma. Kama huna budi kulipa ili usajiliwe, lipa na uandike barua kwamba umelipa kwa kupinga. Kwenye fomu, kata mstari wowote unaosema ulishiriki ghasia, au uandike chini yake "sikubali".

Mimi ni kiongozi wa chama. Wananiwajibisha kwa kila kilichotokea.

Kuitisha mkutano si kuamuru uharibifu. Kusanya kila ujumbe uliotuma ukihimiza amani, hata ule wa sauti. Kumbuka pia kwamba tangu marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2016, viongozi huchaguliwa kupitia wajumbe. Kukusimamisha masomo kabla ya uchaguzi ni njia rahisi ya kukuondoa kwenye kinyang'anyiro. Kama tarehe zinaoana, zitaje.

Mimi ni mwanafunzi wa kigeni.

Pasi yako ya mwanafunzi imefungwa na usajili wako. Tafuta wakili siku ya kwanza, ujulishe ubalozi wako, na usisafiri nje ya nchi wakati rufaa inasubiri bila ushauri.

Na kama kweli nilirusha jiwe?

Mwambie wakili wako ukweli, na usimwambie mtu mwingine. Usidanganye kwenye kikao. Kunyamaza ni haki, uongo ni kosa jipya. Kifungu cha 37 hakikulindi kwa jiwe, lakini bado una haki ya kusikilizwa na kupewa adhabu inayolingana na kitendo. Kioo cha dirisha kina bei yake, na kufidia ni adhabu. Kumfukuza mtu wa mwaka wa nne kwa kioo ni jambo ambalo chuo kitalazimika kulitetea. Umri, kosa la kwanza, alama zako, utayari wa kulipa: yote hayo yanasemwa hapa, kwa masharti yale yale ya swali la msamaha hapo juu.

Nimeshamaliza masomo, lakini jina langu halipo kwenye orodha ya mahafali kwa sababu ya kesi ya mwaka jana.

Uliza kwa maandishi ni uamuzi gani, wa tarehe gani, unaozuia cheti. Kama kikao hakikuwahi kuitwa, hakuna uamuzi, na cheti kinazuiliwa bila sababu. Omba nakala ya matokeo wakati unasubiri. Waajiri wengi huanza nayo.